Benchi la Karibu na Mlango

Twawasalimu ninyi mlioko Port Victoria na Budalangi yote, na ninyi wa Sio Port, Busia na Malaba, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Twawasalimu hasa wale ambao saa hii wamekwisha kuamka lakini hawajainuka. Wenyewe mnajijua. Kuamka ni jambo moja, na kuinuka kitandani ni jambo jingine. Wako wengi kati yetu ambao hugeuka ubavu kwanza, wakashusha miguu, wakashika ukingo wa kitanda, wakangoja kidogo, ndipo wakasimama. Leo twataka kuzungumza juu ya maumivu ya mgongo.

Labda mmoja atasema, "Hilo ni neno la daktari, si neno la mahubiri." Hata sisi tulidhani hivyo. Lakini mwenye Biblia na afungue Injili ya Luka, mlango wa 13, asome tangu aya ya 10 hadi ya 17. Habari hii haimo katika Injili nyingine yoyote. Ni Luka peke yake aliyeiandika, naye Luka twajua kwamba alikuwa tabibu. Yesu alikuwa akifundisha katika sunagogi siku ya Sabato. Akamwona mwanamke aliyekuwa ameinama kwa miaka 18, asiweze kujinyosha hata kidogo. Miaka 18, ndugu zangu! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule mama huyu alipoanza kuinama alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Na miaka hiyo yote aliwatambua majirani zake kwa kutazama miguu yao.

Tutarudi kwa mama huyo. Kwanza twataka kuwaeleza jambo lililotupata sisi wazee wa kanisa, nalo si jambo la kujisifia.

Katika kanisa letu yuko mzee mmoja, mvuvi. Jina lake hatutalitaja, maana mwenyewe ametuomba tusilitaje. Alisema yatosha kwamba mgongo wake umejulikana. Alianza kwenda ziwani akiwa kijana wa miaka 15, mwaka ule wa 1964 maji yalipojaa. Alivua ngege, akavua mbuta, na miaka mingi alivua omena usiku wa giza, taa ikielea juu ya maji na watu wakivuta wavu mpaka alfajiri. Mwezi wa Mei mwaka 2020 ziwa likapanda tena, likafika kimo ambacho halikuwa limefika tangu Mei ile ya 1964. Maji yakaingia mashambani na katika nyumba za watu. Mzee wetu, akiwa na miaka 71, aliingia majini na wanawe kuokoa vyombo. Alibeba sanduku la mkewe, akabeba mabati, na ule mfuko wa mahindi wa kilo 90 alishika upande mmoja na kijana wake upande wa pili. Kijana akateleza. Mzee hakuuachilia mfuko, maana ndicho chakula kilichosalia. Hapo kiuno kikalia, asema, kama mti mkavu.

Mwaka huo, kama mnavyokumbuka, makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona. Hata yalipofunguliwa mwezi wa Julai, watu waliopita miaka 58 waliambiwa wakae nyumbani kwanza. Kwa hiyo wazee wote hawakuonekana, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake, "Fulani yuko wapi?" Baadaye tuliporuhusiwa kurudi, mzee alikuja Jumapili mbili. Jumapili ya pili, katikati ya mahubiri, akasimama. Alisimama tu karibu na ukuta, akiushika kwa mkono. Mmoja wetu akamwashiria aketi. Watoto wakacheka. Akaketi, uso umekunjamana. Na kabla ya sadaka akatoka nje polepole. Watu wakasema amekimbia sadaka.

Hakurudi tena. Mwezi ukapita, ukapita wa pili na wa tatu. Wengine walisema amehamia kwa watu wa maombezi; wengine walisema amekwisha kupoa, kazi yake ni kushinda amelala. Basi katika baraza la wazee jina lake likaletwa miongoni mwa majina ya watu walioiacha Meza ya Bwana. Tukaliandika. Kalamu ilikuwa bado mkononi, mama mmoja mzee wa baraza akauliza, "Ni nani kati yenu aliyekwenda kumwona?" Tukatazamana. Kutoka kanisani hadi nyumbani kwake si mwendo wa nusu saa.

Tukaenda siku ya Jumanne. Tulimkuta amelala chali juu ya mkeka, sakafuni, miguu ameipandisha juu ya kigoda. Neno lake la kwanza lilikuwa kutuomba radhi. "Nisameheni, wazee wangu, siwezi kusimama kuwapokea." Wasikilizaji wapenzi, tuliona haya.

Karibu na kichwa chake kulikuwa na vidonge vya kila rangi, vilivyofungwa katika vipande vya gazeti. Kila duka alilopita kijana wake lilimpa vyake. Vilimpa usingizi kidogo, lakini sasa tumbo lilikuwa likimwaka moto. Ukutani ulining'inia mkanda wa kiuno walioununua Busia kwa fedha nyingi. Kiunoni kulikuwa na alama za wembe, mahali alipochanjwa na kupakwa dawa ya miti. Na mtu mmoja wa dini, asiye wa kanisa letu, lakini angeweza kuwa wa kanisa letu, alikuwa amemwambia kwamba maumivu hayataondoka mpaka aitaje dhambi aliyoificha. Mzee alikuwa amelala pale miezi mitatu akiitafuta dhambi hiyo. Alikumbuka wavu wa jirani alioukata mwaka 1978, akatuma mtu kuomba msamaha. Jirani mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Hapo ndipo tulipomkumbuka yule mkuu wa sunagogi. Mnamkumbuka? Mama wa watu amesimama wima, anamtukuza Mungu, na mkuu huyo amekasirika kwa sababu ya utaratibu wa siku! Kila tulipoisoma habari hiyo tulimshangaa. Siku ile hatukumshangaa tena. Tulikuwa sisi, na daftari letu la majina.

Tukakodi gari dogo, maana pikipiki ingemwua, tukampeleka hospitali ya Port Victoria. Hapo twataka msikilize kwa makini, hasa ninyi mnaomwuguza mzee nyumbani. Mganga hakuanza na dawa. Alianza na maswali. Je, mkojo wazuilika, nao watoka vizuri? Je, sehemu ile mtu anayokalia tandiko la baiskeli imekufa ganzi? Mguu mmoja unapoteza nguvu? Kuna homa, jasho la usiku, au kukonda? Maumivu yaendelea hata ukilala usiku bila kujitikisa? Akampapasa uti wa mgongo kutafuta kinundu. Akamwuliza pia habari ya tezi dume, swali ambalo wanaume wa umri wetu hatupendi kuulizwa mbele ya watu. Tukauliza sababu ya maswali hayo yote. Akasema kwamba wenye maumivu ya mgongo walio wengi hawana ugonjwa wa kutisha, lakini wako wachache walio nao: kifua kikuu kinachokula mifupa ya mgongo, saratani iliyotoka kwenye tezi dume au titi, mfupa wa mama mzee uliovunjika kwa kuanguka kidogo tu, au mishipa ya fahamu iliyobanwa. Huyo wa mkojo na ganzi asingoje hata kupambazuke. Na huyo wa kifua kikuu asikate tamaa, maana dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, ingawa atazimeza karibu mwaka mzima.

Mzee wetu hakuwa na hata moja katika hayo. Alipoambiwa hivyo alilia. Sisi tulidhani analia kwa furaha. Kumbe alikuwa akilia kwa sababu miezi ile yote alidhani anakufa, na hakutaka kumwambia mkewe.

Walitueleza jinsi mgongo ulivyo. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini. Mtu akiisha kuwa mzima kisahani hicho hakina mishipa ya damu ya kukilisha. Chakula chake hukipata kwa kubanwa na kuachiliwa, kama sponji. Mchana hubanwa maji yakatoka kidogo. Usiku tukilala, maji hurudi. Ndiyo maana mtu huwa mrefu asubuhi kuliko jioni, kwa sentimita moja hivi. Miaka ikienda, kisahani hukauka. Hiyo si laana wala si deni la wavu wa mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka uleule wa 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Je, watu milioni 619 wote wameficha dhambi?

Na kama kisahani hulishwa kwa mwendo, basi kulala miezi mitatu ni kukinyima chakula. Zamani watu waliambiwa walale juu ya ubao wiki nyingi. Siku hizi waganga hawasemi hivyo. Mtu apumzike siku moja au mbili maumivu yakizidi, kisha aanze kutembea kidogo kidogo, hata kama bado yauma. Vidonge vyaweza kumfaa kwa siku chache, kwa kipimo cha mganga. Lakini mzee akivimeza mwezi baada ya mwezi vyaweza kumtoboa tumbo, kumharibu figo na kumpandisha presha. Mkanda wa Busia nao, tulisikitika kusikia, haumo katika mambo ambayo Shirika hilo lilishauri mwaka 2023. Kijana wake hakufurahi. Siku hizi waufungia mbuzi.

Basi mzee akaanza kutembea. Siku ya kwanza alifika mlangoni pa jiko. Baada ya wiki alifika kwa jirani. Mjukuu wake alitembea pamoja naye, akihesabu hatua kwa sauti, mpaka majirani nao wakawa wanahesabu. Yalikuwapo masiku ya kurudi nyuma, tusiwadanganye. Kuna juma moja alilolala tena siku nne akasema hatatembea kamwe. Mkewe akamkanda kwa maji ya moto, akamwambia, "Baba, mimi nimeinama shambani miaka 50 na sijakuomba ruhusa ya kulala." Akainuka.

Usiku mmoja, mwezi wa tatu hivi, mambo yakatokea ambayo mkewe alitusimulia akicheka. Alfajiri alimsikia mzee akimwita kwa sauti kubwa. Akashtuka, akawaamsha watoto, wote wakakimbilia chumbani wakidhani msiba umeingia. Wakamkuta ameketi kitandani, macho yamemtoka. "Nimelala," akasema. "Nimelala usiku mzima. Sikuamka hata mara moja!"

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani na gorogoro mbili za omena safi, akasema ni sadaka ya shukrani. Mchungaji akamwuliza mbele ya watu, "Mzee, umepona?" Akajibu, "Sijapona, Mchungaji. Nililala." Mkutano ukanyamaza. Wengine walitazamana, maana sisi tumezoea shukrani za mambo yaliyokwisha: mgonjwa aliyetoka hospitali, mtoto aliyefaulu mtihani. Mtu mmoja alinong'ona, "Si angengoja apone kabisa?"

Wasikilizaji wapenzi, neno hilo la kungoja ndilo lililoturudisha katika Luka 13, na safari hii tulisoma mahali ambapo tulikuwa tumepapita haraka. Yesu alipomjibu mkuu wa sunagogi hakutaja kwanza miujiza. Alitaja ng'ombe na punda. Aliwauliza kama hawamfungui mnyama horini siku ya Sabato wakampeleka kunywa maji. Hebu fikirini, ninyi mnaofuga. Ng'ombe akifunguliwa kwenda majini, amefunguliwa kwa muda gani? Atakunywa, atarudi, atafungwa tena kamba ileile. Kesho atafunguliwa tena. Hata hivyo Bwana aliona kufunguliwa huko kuwa kazi njema, inayoistahili hata Sabato. Mama yule alifunguliwa mara moja, akanyoka. Nasi twaamini kwamba Mungu aweza kufanya hivyo hata leo. Lakini walio wengi kati yetu sisi wazee twafunguliwa kama ng'ombe yule, usiku mmoja, au asubuhi moja tunapoinama kufunga kamba za viatu na kumbe hatukuuguza neno. Tukingoja kushukuru mpaka kamba ikatwe kabisa, tutakunywa maji miaka mingi bila kusema asante.

Na mkumbuke jambo jingine: ng'ombe hajifungui. Kuna mtu anayeinama kufungua fundo. Siku hizi mzee haendi ziwani usiku. Anatengeneza nyavu, lakini haketi chini na kujikunja kama zamani. Vijana wa ufukoni wamemtundikia wavu kwenye tawi la mwembe, usawa wa kifua, anashona amesimama, akichoka anazunguka mti. Akina mama nao, ambao huanika omena mchangani na kuinama kuzigeuza juani tangu asubuhi hadi jioni, wameanza kujengewa vichanja vya miti na wavu, vinavyofika kiunoni. Omena wa kichanja hana mchanga, kwa hiyo bei yake ni nzuri zaidi. Lakini mama mmoja alituambia kwamba hata kama bei ingekuwa moja, yeye hatarudi chini.

Vijana, msizime redio. Ninyi mnaopakia magari pale Busia na Malaba, tumewaona mkikimbia na gunia la kilo 90 begani, mkishindana. Shirika la Kazi Duniani lilishauri tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Twajua mwenye mali hatakupunguzia gunia kwa sababu umesikia redio. Lakini mwenzako yuko karibu, bebeni wawili. Hapo mpakani ndipo lilipozaliwa neno boda boda, kwa vijana wa baiskeli waliowavusha watu kutoka kituo hadi kituo. Wale wa kwanza sasa ni wazee, na baadhi yao tunaketi nao benchi moja.

Benchi lenyewe ni hili. Jina la mzee tulilifuta katika daftari siku ileile ya Jumanne. Kisha baraza likaamua kumwita fundi, akalitia benchi la nyuma, karibu na mlango, mbao za kuegemea. Na mchungaji akatangaza kwamba anayeketi hapo ana ruhusa ya kusimama wakati wowote, hata katika mahubiri, hata katika maombi, wala asitazamwe. Jumapili ya kwanza mzee aliketi peke yake. Jumapili ya pili wakaja mama wawili. Sasa benchi halitoshi, na fundi ameitwa tena. Tuligundua kwamba nusu ya watu waliokuwa wakitoka nje "kumtazama mtoto" hawakuwa na mtoto.

Na wewe unayetusikiliza umelala chali, miguu juu ya kigoda, hatukuambii uinuke sasa hivi. Mtume mtoto akawaambie wazee wa kanisa lako kwamba uko nyumbani. Labda nao wameandika jina lako.

Tuombe. Ee Bwana, ulimwona mama yule kabla hajakuomba, ukamwita. Watazame wote walioamka na maumivu asubuhi hii huku kwetu ziwani, na kule Busia na Malaba. Mwenye ugonjwa mkubwa apate mganga mapema. Aliyelala usiku huu asisahau kukuambia. Utusamehe sisi wazee kwa miezi ile mitatu. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.